Nukta ya Mzee Mniko

Kwanza niseme ng'ombe ilirudi. Nasema mapema kwa sababu mke wangu Dorine huniambia nikianza hadithi watu wanapanda presha kabla sijafika katikati. Ilirudi. Sasa kaa vizuri.

Mimi naitwa Tony, lakini hapa Migori mjini kila mtu ananiita Diploma. Hiyo diploma ya kompyuta niliipata zamani, wakati kioo cha kompyuta kilikuwa na mgongo kama kobe. Nimeiweka kwenye fremu juu ya mashine ya fotokopi. Watu wakingoja kopi ya kitambulisho wanaisoma yote, mpaka sahihi ya prinsipo, halafu wananiuliza kama naweza kutengeneza redio. Duka letu ni mlango mmoja, meza mbili na mke mmoja, na huyo mke ndiye anashikilia mashine ya laminesheni kwa sababu mimi niliwahi kulaminisha tai yangu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa tumefungua tu, Dorine anapanguza kioo, nikaona Mzee Cephas anavuka barabara ameinua mkono kusimamisha lori, utadhani ni askari wa trafiki. Nyuma yake alikuwa Mama Nyasuguta. Huyu mama ana miaka sitini na kitu na anatembea kama mtu anayechunga hata kama hakuna ng'ombe mbele. Siku hiyo hakukuwa na ng'ombe mbele kweli.

"Diploma," Cephas akasema akiwa bado mlangoni, "umetuua."

"Mimi? Hata sijawasalimu."

"Umetuua tangu elfu mbili na tisa. Leo ndiyo tunakufa."

Acha nieleze hiyo elfu mbili na tisa, juu kosa ni langu na sina mtu wa kumsukumia.

Cephas ni mwenyekiti wa josho, pale ng'ombe huogeshwa dawa ya kupe, kule upande wa Kuria. Kila boma kule lina alama yake ambayo inachomwa kwa chuma kwenye paja la ng'ombe. Josho lilikuwa na kitabu, kila alama imechorwa kwa kalamu, jina la mwenyewe kando. Halafu mfadhili fulani akawaletea kompyuta iliyotumika, na wakatafuta mtu wa kuhamisha kitabu kiingie ndani. Wakanipata mimi. Diploma ilikuwa bado inanuka wino.

Shida ilikuwa moja. Wazee wengi hawakusoma. Ukiwaonyesha orodha ya majina kwenye kioo, wanaangalia kama mtu anaangalia mvua ya kijiji kingine. Na mimi nilikuwa nimetoka tu kufundishwa kuchora ikoni, zile picha ndogo zinazokaa kwenye kioo na ukibonyeza kitu kinafunguka. Nikajiambia, hapa ndipo watajua mimi ni nani. Nikachora alama ya kila boma kama ikoni, nikaivalisha folda ya mwenyewe. Mzee akija, hasomi kitu. Anaona alama yake, anainua fimbo, anasema, "Ile." Kile kioo kilikuwa na mikwaruzo mingi ya fimbo kuliko vumbi. Maboma mia moja na arobaini na tatu, na kila mzee akitoka pale anatembea kifua mbele, ati ako ndani ya kompyuta.

Haikuniingia kichwani kuweka hizo alama pia kama picha za kawaida. Nani angezitaka? Zilikuwa zinafanya kazi.

Baadaye radi ikapiga kompyuta. Mchwa wakala kitabu, wakaanza na jalada, wakamaliza na herufi Z. Kikabaki kitu kimoja tu, flashi ambayo Cephas alikuwa ameifungia kwa mkebe wa majani chai. Na ndani ya flashi ni zile ikoni zangu, ambazo simu ya siku hizi ikiziona inafanya kama haizijui.

"Sasa nani amekufa?" nikauliza.

"Ng'ombe yangu," Mama Nyasuguta akasema. "Haijakufa. Lakini inaenda na mtu mwingine saa kumi."

Akaketi, akaeleza. Wiki mbili zilizopita wezi waliingia, wakaenda na ng'ombe za maboma kadhaa. Juzi polisi wa kituo kimoja kidogo upande wa Lambwe wakashika ng'ombe kumi na mbili vichakani, wezi wakatoroka. Mama akaenda kuangalia, akakuta yake, ya kahawia, paji jeupe, tumbo limeshuka, imebaki siku chache izae. Kabla hajamaliza kuishika shingo, akatokea Javan. Javan ni wa josho hilo hilo, shamba lake na la mama zinapakana. Yeye pia alikuwa ameibiwa. Yeye pia akasema hiyo ya paji jeupe ni yake.

"Na alama?" Dorine akauliza.

"Hapo ndiyo kuna shida," Cephas akasema. "Babu ya Mniko, marehemu mume wa mama huyu, na babu ya Javan walikuwa ndugu. Alama yao ni upinde na kamba yake. Walipogawana mali, babu ya Mniko akaongeza nukta moja chini ya kamba. Hiyo tu. Upinde wa mama una nukta, wa Javan hauna."

"Si ng'ombe iko na nukta?"

"Iko," mama akasema. "Lakini Javan amemwambia afande hilo ni kovu la mwiba. Na ameenda na barua ya chifu. Mimi nilienda na mdomo."

Basi afande akaamua hivi: Alhamisi saa kumi jioni rejista ya josho iletwe, ionyeshe alama ya kila mmoja, na mwenye alama achukue ng'ombe. Rejista isipoletwa, barua ya chifu ndiyo itaongea, ng'ombe inaenda na Javan. Usiku uliopita Cephas alikuwa amejaribu kumtumia afande ile faili kwa simu. Akanionyesha jibu: "Hii kitu haifunguki. Mzee, umenitumia virusi?"

"Mniko alikuwa na ng'ombe tano," mama akasema, akiangalia mikono yake. "Nne ziliondoka na ugonjwa wake. Hii ndiyo ya mwisho aliyochoma alama yeye mwenyewe. Alikuwa hata hawezi kusimama vizuri. Nilimshika kiuno akachoma."

Dorine akazima mashine ya fotokopi.

"Mama," nikasema, "hiyo ni kazi ya dakika tano."

Dorine akanitupia jicho. Ananijua. Dakika tano zangu zimewahi kuchukua Krismasi nzima.

Nikachomeka flashi. Hizo hapo, folda mia moja na arobaini na tatu. Nikafungua ya Mniko, nikabonyeza ikoni. Ikafunguka katikati ya kioo, kadogo kama kiroboto kwenye shuka. Kwa kuprinti haifai, kwa kutuma haifai. Lazima igeuzwe kuwa picha ya kawaida. Kuna mtandao mmoja wa bure unafanya hiyo kazi, unatupia faili huku, inatoka kule imebadilika. Nikatupia ya Mniko na ya Javan. Zikatoka.

Boksi mbili nyeusi tii.

Nikatupia zingine tatu za majirani. Boksi tatu nyeusi.

"Baba Jeff," Dorine akasema nyuma ya bega langu, "hii ni picha ya nini? Mende ndani ya gunia?"

"Ngoja kwanza."

Mama Nyasuguta alikuwa amesimama. Akaangalia kile cheusi, akaweka mkono kwa kifua. "Ameenda nayo," akasema pole pole. "Mniko ameenda na alama yake."

"Hajaenda na kitu, mama. Kaa." Lakini Cephas alikuwa ananiangalia jinsi watu huangalia daktari aliyefungua kitabu.

Halafu nikacheka peke yangu. Alama nilikuwa nimezichora na mstari mweusi, na nyuma yake sikuweka rangi yoyote. Ni kama kuchora kwenye glasi. Sasa ule mtandao ukikuta mahali hakuna rangi, unajaza nyeusi. Mweusi juu ya nyeusi, utaona nini? Nikachagua aina nyingine ya picha, ile inayokubali karatasi nyeupe ikae chini. Nikatupia tena.

Upinde ukatokea. Na kamba yake. Cephas akapiga makofi. Dorine akasema, "Kumbe ilikuwa diploma ya kweli." Mimi nikavuta kiti nikae kama bwana.

"Nukta iko wapi?" mama akauliza.

Nikaangalia. Nikaisogeza karibu. Upinde, kamba, na chini ya kamba, weupe mtupu. Nikafungua ya Javan, nikaiweka kando. Zilikuwa kama mapacha. Hata mama yao hangejua nani aliona jua kwanza.

Hapo ndipo sikuwa na mzaha. Maana yake ilikuwa wazi. Kama miaka kumi na sita iliyopita nilisahau ile nukta, basi rejista yenyewe ndiyo itampatia Javan ng'ombe. Barua ya chifu haingehitajika. Kosa la mkono wangu lingeshuhudia dhidi ya mjane, tena lina muhuri wa josho. Ilikuwa saa tano kasoro.

"Uliisahau?" Cephas akauliza. Hakuuliza kwa ukali, na hiyo ndiyo iliuma.

"Sijui, mzee. Sikumbuki."

"Huyu Diploma kwa kawaida hasahau kitu," Dorine akasema. "Anakumbuka mpaka jina la ng'ombe iliyoliwa kwa harusi yetu." Akaniwekea mkono begani. Nikajua mambo ni mabaya. Dorine huwa hanibembelezi mbele ya wateja.

Nikawa nazunguka tu kwenye ile folda, kama mtu anayetafuta funguo mahali ameshatafuta. Nikaweka faili zionyeshe uzito wake. Ile ya Mniko, kilobaiti kumi na tano. Nikasema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "Ajabu. Kapicha kadogo hivi kangekuwa na kilobaiti moja na kidogo tu. Hii ni nzito ya nini?"

"Nini ni nzito?" mama akauliza.

"Faili, mama. Picha ni ndogo, lakini faili ina uzito wa picha kubwa."

Akanitazama kama amechoka kunifundisha. "Wewe mtoto wa Homa Bay hujui kitu. Ng'ombe ndogo ikiwa na uzito mkubwa, ina ndama. Angalia ndani ya tumbo."

Wuololo! Ndugu zangu, nilisimama nikagonga goti kwa meza, na goti mpaka leo linatabiri mvua. Kwa sababu hapo hapo nilimwona Mzee Mniko. Nilimwona vizuri, na koti lake la mvua siku haina mvua, amesimama nyuma yangu pale josho mwaka ule.

Ikoni haikuwa picha moja. Tulifundishwa hivyo na nikasahau. Ndani ya faili moja unachora mara tatu, ndogo, ya kati na kubwa, ili kompyuta ichague ya kutosha mahali pake. Ile ndogo ilikuwa vidoti kumi na sita kwa kumi na sita. Nukta ya Mniko haikuingia humo, nilijaribu ikawa inagusana na kamba, nikaiacha. Mzee akaja, hajui a wala be, akaangalia kioo mara moja tu. "Nukta yangu iko wapi? Umeila?" Nikamwambia mzee, mahali ni padogo. Akavuta stuli, akakaa. Akasema haondoki, na kama nataka kulala josho tutalala wote. Nikachora upya ya kati na kubwa, nikaweka nukta. Akainama mpaka pua ikagusa kioo. Akasema, "Isogeze kushoto. Chuma changu huangukia kushoto." Nikaisogeza. Ndipo akaenda nyumbani.

Ule mtandao wa bure ulikuwa unachukua picha ya kwanza mlangoni, ile ndogo, na kuziacha zingine ndani.

Nikatafuta programu ya wachoraji, inayofungua faili mpaka matumbo. Mtandao wa Migori siku hiyo ulikuwa na huruma, ukashusha yote kwa nusu saa. Nikafungua faili ya Mniko. Zikajipanga tatu kama ngazi. Ndogo, hakuna nukta. Ya kati, nukta. Kubwa, nukta, tena imekaa kushoto ya katikati, vidoti vinne vyeusi vimeshikana. Nikafungua ya Javan. Ndogo, ya kati, kubwa, zote hazina.

Mama Nyasuguta akasogea karibu. Alinyoosha kidole akagusa kioo, pale pale kwa nukta, akakiacha hapo.

"Sasa usifute alama ya kidole," Dorine akaniambia, na yeye mwenyewe alikuwa anajifuta macho na kitambaa cha mashine.

Nikaikuza. Hapa pia kuna ujanja. Ukiiachia kompyuta ikuze yenyewe inalainisha kila kitu, nukta inakuwa moshi. Nikaiambia usilainishe, acha kila kidoti kiwe boksi. Upinde ukatoka na kona kona, kama kile kitambaa cha kochi mama zetu hushona kwa uzi, lakini kila kitu mahali pake. Na kwa sababu mkono ulikuwa umeshachangamka, nikageuza zote mia moja na arobaini na tatu, kubwa zote, kwa mpigo mmoja. Nikaprinti ukurasa wa Mniko na wa Javan. Cephas akapiga muhuri. Dorine akalaminisha, mimi nikiwa mbali kabisa na hiyo mashine.

Saa saba kasoro robo. Lambwe si hapo nyuma ya soko. Nikatoka nje kuangalia usafiri, na jirani yangu Abdinasir, wa duka la magodoro, alikuwa anafunga kamba juu ya pikapu.

"Abdi, unaenda wapi?"

"Homa Bay. Napeleka godoro kwa hoteli moja."

"Unaweza kusogea Lambwe kidogo?"

"Diploma, Lambwe si kidogo." Akamwona mama mlangoni, ameshika ule ukurasa kama sahani ya maji. "Ni msiba?"

"Ni ng'ombe."

Abdinasir kwao ni kwa wafugaji, kule kaskazini. Hakuuliza swali la pili. "Ingieni," akasema. "Na mzee akae mbele, wallahi siwezi kumweka mwenyekiti juu ya magodoro." Mimi si mwenyekiti. Nililala juu ya magodoro mpaka Homa Bay, na sijawahi kusafiri vizuri hivyo.

Tuliteremsha mzigo, tukashika njia ya Lambwe, tukafika kituo saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Ng'ombe zilikuwa nyuma, kwa boma la miti. Javan alikuwa hapo tayari, amevaa gambuti, barua ya chifu ndani ya karatasi ya nailoni. Alipomwona mama alivua kofia.

"Mama, habari ya nyumbani."

"Nyumbani hakuna maziwa. Hiyo ndiyo habari."

Afande alikuwa mtu mrefu na sauti ya kwaya, besi. Akachukua kurasa zangu, akazigeuza, akazigonga na kucha kusikia laminesheni. "Ndiyo nyinyi wa virusi?"

"Ilikuwa ikoni, afande. Sasa ni picha."

"Mbona ina ngazi ngazi hivi?"

"Ni ya zamani. Wakati huo picha zilikuwa zinashonwa."

Hakucheka, lakini sharubu zilisogea. Akaagiza ng'ombe iletwe. Ikaja pole pole na tumbo lake, ikamnusa mama, ikasimama hapo na kukataa kusogea. Javan akaangalia chini. Askari mmoja akaleta maji na wembe, kwa sababu manyoya yalikuwa yamefunika sehemu ya alama. Akalowesha paja, akanyoa taratibu. Upinde ukatoka. Kamba ikatoka. Chini ya kamba, duara dogo, halina manyoya.

"Hilo ndilo kovu la mwiba, afande," Javan akasema, lakini sauti haikuwa na miguu.

Afande akainua ukurasa wa Mniko, akauweka kando ya paja. Akaangalia huku, akaangalia kule. "Mwenye kuchora, wewe. Kwa nini nukta haikukaa katikati?"

"Mwenyewe alinikataza. Alisema chuma chake huangukia kushoto."

Afande akaweka kidole kwenye ng'ombe. Nukta ilikuwa kushoto. Si sana, upana wa kidole tu. Akaweka kidole kwenye karatasi. Kushoto, upana wa vidoti viwili. Halafu akachukua ukurasa wa Javan, akamwonyesha. Upinde, kamba, basi.

"Mwiba unajua kulenga hivyo?" akamuuliza.

Javan akampa afande ile barua ya chifu, ikiwa bado ndani ya nailoni, kama mtu anarudisha kikombe. "Yangu iliondoka usiku ule ule," akasema. "Ya kahawia pia. Nilipoona upinde, macho yalikimbia yakaniacha. Halafu nikawa nimeshasema. Na ukishasema mbele ya afande..."

"Ungerudi ukasema tena," mama akamwambia. "Mdomo si daraja la kwenda tu."

"Nisamehe, mama."

"Ikizaa, tuma mtu na kibuyu aje achukue maziwa. Usikuje mwenyewe. Bado nimekasirika."

Hapo afande alicheka kabisa, na ng'ombe ikakojoa, na kila mtu akaruka nyuma. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo ya boma. Cephas alikuja akaegemea karibu nami. Tukaegemea wote wawili kama magunia.

"Hizi zingine kumi na moja," afande akasema, "una picha zake?"

"Afande, nina josho lote." Nikatoa simu. Nikamtumia zote mia moja na arobaini na tatu, na safari hii simu yake haikuuliza maswali, zilifunguka moja baada ya nyingine. Akazunguka boma na askari wake wakilinganisha mapaja. Nne zilikuwa za josho letu, na Cephas akaanza kupiga simu papo hapo, anapaza sauti utadhani anawafikia bila mtandao. Ya Javan haikuwa humo. Nilimtumia na yeye picha ya alama yake, ile kubwa, akazunguke nayo vituo vingine. Akaiangalia kwa muda mrefu.

"Huu upinde ni wangu?" akaniuliza.

"Ni wako. Hauna nukta, lakini ni wako."

Akaiweka kama picha ya mbele ya simu yake. Alisema kwa njia hii akimwonyesha mtu hatahitaji kuanza kueleza.

Kibali cha kusafirisha kikaandikwa. Pikapu ilikuwa tupu sasa, na Abdinasir akaitandika nyasi bila kuambiwa. Ng'ombe ilipanda kwa ubao kama imewahi kupanda. Mama akakataa kukaa mbele.

"Mama, utapigwa na upepo," Abdinasir akasema.

"Wiki mbili imepigwa na upepo peke yake."

Akapanda nyuma, akashika kamba fupi, akaegemea ubavu wa ng'ombe. Kabla hatujaondoka nikamwona analowesha kidole gumba na mate, anasugua ile nukta iliyonyolewa, kidogo kidogo, kama mtu anamfuta mtoto mdomo. Alikuwa anaongea na mtu. Sikusikiliza.

Jumapili Cephas alinitumia picha kwa simu. Ndama jike, wa kahawia, paji jeupe, bado amelowa. Chini akaandika: "Mama anasema umwingize ndama kwa folda yake, na nukta usisahau."

Nikamwonyesha Dorine. Akasoma, akaangalia diploma yangu kule ukutani, akachukua kitambaa akaenda kuipanguza vumbi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane.